Kidole Gumba na Mkono wa Msamaria

Msomaji kijana, liko neno moja linalotamkwa kanisani mara nyingi kuliko mengine yote, nalo ni upendo. Limetamkwa mno hata limechakaa, mfano wa sarafu iliyopita katika mikono ya watu wengi mpaka sura iliyochorwa juu yake ikafutika. Yamkini unadhani kwamba insha juu ya upendo haina budi kuwa ya maneno laini, ya kusomwa Jumapili alasiri, isiyogombana na mtu yeyote. Hii inagombana. Inagombana na watu wasemao kwamba mwanadamu habadiliki ila kwa amri na adhabu, na kwamba upendo wa Kikristo ni kitambaa cha kutandikwa juu ya amri ili isichukize macho. Tena, tukiisha kumalizana na hao, itagombana na watu wengine walio wapole zaidi, na kwa sababu hiyo wenye hatari zaidi. Nao nitawataja mahali pao.

Ushahidi wangu nautoa mashariki ya Mlima Kenya, katika nchi ya Wameru na Waembu, na ya ndugu zao Wamwimbi, Wachuka na Watharaka wanaokaa kati yao. Sikuichagua nchi hiyo kwa sababu watu wake ni wema au wabaya kuliko watu wengine. Nimeichagua kwa sababu huko Kanisa lilitaka kubadili desturi moja nzito, yaani tohara ya wasichana, ambayo sheria ya leo huiita ukeketaji; na katika muda usiofika miaka 100 ikaonekana wazi ni jambo gani lililowabadili watu na ni lipi lililowakaza shingo. Najua kwamba wengi huona haya kulitaja neno hili mbele ya vijana. Lakini vijana ndio waliokatwa, wala hakuna aliyewaonea haya siku hiyo.

Mwaka 1922 daktari mmoja wa misheni ya Kanisa la Uskoti, jina lake Clive Irvine, alifika Chogoria, katika nchi ya Mwimbi, kwenye miteremko ya mlima. Fedha za kuianzisha misheni ile zilitolewa na tajiri mmoja wa Nairobi, Ernest Carr, ambaye daktari huyo alimwoa binti yake. Pamoja naye walikuwapo walimu Waafrika kutoka upande wa Kikuyu, watu ambao vitabu huwasahau upesi, ijapokuwa wao ndio waliojua kusema na wenyeji kwa lugha iliyokaribiana na yao. Wakajenga shule na hospitali. Katika miaka ile ugonjwa wa buba uliwatesa watu wa sehemu nyingi za Kenya, nayo sindano ya kuutibu ilikuwa na sifa kubwa, maana kidonda kilichonuka mwaka mzima kiliweza kukauka katika majuma machache. Mtu aliyeponywa hivyo hakuhitaji kuhubiriwa sana. Aliketi, akasikiliza, akaleta mwanawe shuleni. Kanisa la Chogoria lilizaliwa hivyo: kwa maji ya moto, kwa bendeji, na kwa watu waliovumilia kushika kidonda cha mtu wasiyemjua.

Sasa tuje kwenye mwaka 1929. Madaktari wa misheni walikuwa wameona katika hospitali zao mambo ambayo watu wengine hawakuyaona, au waliyaona wakayaita majaliwa: wanawake ambao makovu ya tohara yaliwafanya wazae kwa taabu kubwa, na wengine waliopoteza mtoto au maisha yao. Wakakata shauri kwamba jambo hili haliwezi kuendelea ndani ya Kanisa. Naomba uniangalie vizuri hapa, msomaji, usije ukanielewa vibaya. Juu ya mwili wa mwanamke, madaktari wale walikuwa na haki. Miaka iliyopita haikuwakanusha, iliwathibitisha. Walakini tazama njia waliyoishika. Katika makanisa ya Kiskoti ya nchi ya Kikuyu, na vilevile Chogoria, Wakristo walitakiwa watie sahihi karatasi ya kiapo, na asiyejua kuandika atie alama ya kidole gumba. Kwa karatasi hiyo mtu aliikana tohara ya wasichana, na tena alijitenga na chama cha siasa cha KCA, ambacho kilikuwa kikipinga mashauri ya misheni. Asiyetia kidole alihesabiwa kuwa yu nje. Watu waliiita kirore, yaani alama ya kidole, na jina hilo limebaki katika historia.

Fikiri kidogo maana ya kidole gumba katika Kenya ya siku zile. Tangu 1920 hivi mwanamume wa Kiafrika alilazimishwa kuchukua kipande, ambamo alama za vidole vyake zilipigwa chapa, akakivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati kama mnyama aliyetiwa alama na mwenyewe. Kidole chake kilikuwa mali ya serikali na ya bwana mwenye shamba. Mashamba yaliyotwaliwa yalikuwa yakisemwa kila penye moto wa jioni. Na sasa daktari yuleyule aliyewatibu vidonda anamnyoshea mtu wino na karatasi, anamwambia: tia kidole hapa, la sivyo huna sehemu pamoja nasi. Je, ajabu gani watu wakikimbia? Chogoria, katika muda mfupi, karibu Wakristo wote walijitenga na Kanisa. Watu waliobaki waliweza kukaa katika chumba kimoja. Nchini Kikuyu wimbo wa Muthirigu ulienea, wa kuwatukana wamisionari na machifu, mpaka serikali ikaupiga marufuku mwanzoni mwa 1930. Na huko Kijabe mmisionari mwanamke mzee, Hulda Stumpf, aliuawa Januari mwaka huohuo. Embu nako, walikokuwa wamisionari wa Kianglikana, mgogoro uleule uliingia, na shule za kujitegemea zikazidi kupata nguvu. Msichana ambaye jambo lote lilimhusu alisahauliwa katikati. Mwili wake ulikuwa umegeuka bendera ya vita, na bendera hubebwa. Haiulizwi maoni yake.

Liko fundisho la Injili ambalo kila mwanafunzi wa Jumapili analijua, la mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani kutoka Yerusalemu. Sihitaji kulisimulia lote. Naomba utazame tu jambo moja ambalo halimo katika hadithi ile. Yule Msamaria, alipomkuta majeruhi kando ya njia, alikuwa na nafasi nzuri sana ya kumtaka kiapo. Wasamaria na Wayahudi walikuwa na ugomvi wa zamani juu ya mlima gani ufaao kumwabudia Mungu, na hapa alikuwapo Myahudi asiye na nguvu ya kubishana. Msamaria angaliweza kusema, Kiri kwanza kwamba mlima wetu ndio wa kweli, ndipo nikufunge jeraha. Hakusema. Alimimina mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akatoa fedha ya mfukoni mwake, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi. Hatuambiwi kwamba mtu yule alibadili dini yake. Tunaambiwa kwamba alitunzwa.

Wale wamisionari walikuwa Wasamaria wema mpaka 1929. Kisha wakataka malipo.

Mtu mwenye bidii atanijibu hapa kwamba nasema hivi kwa raha ya mtu aliyezaliwa nyuma. Atasema: wewe wapendekeza watu wangoje, washawishike polepole, na wakati wanangoja wasichana wanakatwa, upendo wa namna hiyo ni anasa ya mtu ambaye kisu hakimhusu, afadhali amri kali inayookoa wasichana 10 leo kuliko huruma itakayookoa 1,000 wakati sisi tumekufa. Jibu hili ni zito, nami siwezi kulipuuza. Lingekuwa kweli, ningeifuta insha hii. Bahati nzuri au mbaya, hatuna haja ya kubahatisha, kwa maana amri kali ilijaribiwa huko Meru kwa nguvu zote.

Mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, baraza la wazee wa Kimeru, Njuri Ncheke, lilipiga marufuku tohara ya wasichana katika nchi yote ya Meru, na baraza la wilaya likaitia amri ile katika sheria zake. Baadhi ya wazee walikuwa Wakristo waliosoma. Maofisa wa serikali waliwashauri na kuwahimiza. Hakuna aliyewauliza akina nyanya, ambao shughuli ile ilikuwa yao tangu zamani, wala wasichana wenyewe. Ukumbuke pia jinsi nchi ilivyokuwa. Miaka 3 tu nyuma yake, Juni 1953, huko Chuka, askari wa jeshi la KAR waliwaua wenyeji wapatao 20 wasio na hatia. Watu walikuwa wamehamishwa wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Amri ilikuwa ndiyo chakula chao cha asubuhi na cha jioni. Walipoletewa amri moja zaidi, hata kama ilikuwa na faida ndani yake, waliionja wakatambua ladha ileile.

Ikawaje? Wasichana wa Meru walinunua nyembe dukani, wakaenda porini, wakakatana wao kwa wao. Waliitwa Ngaitana, maana yake, nitajitahiri mwenyewe. Zamani kazi ile ilifanywa na mwanamke aliyeizoea. Sasa ilifanywa na mikono ya watoto waliotetemeka. Katika miaka 3 iliyofuata amri, watu zaidi ya 2,400, wasichana kwa wanawake kwa wanaume, walishtakiwa mahakamani kwa kuivunja. Wengi walitozwa faini, na wengine wakafungwa. Basi hao ndio wasichana 10 waliookolewa leo! Amri iliyokusudiwa kuondoa kisu iliondoa tu mkono uliojua kukishika, ikaacha kisu, na ikaongeza juu yake fahari ya ushujaa, hata kukatwa kukawa alama ya kutoitii serikali. Nawaomba wapenzi wa fimbo waitazame habari hii kwa muda mrefu kabla ya kuniambia habari ya huruma iendayo polepole. Toka kirore mpaka Ngaitana ni karibu miaka 27. Fimbo nayo ilikuwa polepole. Tofauti ni kwamba iliumiza njiani.

Miaka 40 tena ikapita. Mwaka 1996, huko Gatunga katika nchi ya Tharaka, mahali pakavu penye joto, mbali na majani ya chai ya miteremkoni, lilitokea jambo dogo ambalo watu wa Nairobi hawakulisikia mara moja. Wanawake wa Maendeleo ya Wanawake, wakisaidiwa na shirika la afya liitwalo PATH, walikuwa wamekaa na akina mama wa sehemu ile, na jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kuuliza na kusikiliza. Waliuliza: katika tohara hii, ninyi mwapenda nini? Swali hili ni jepesi, lakini tangu 1929 hakuna mwenye madaraka aliyekuwa ameliuliza kwa nia ya kupata jibu. Na jibu halikuwa kisu. Akina mama walipenda kwamba binti alitengwa siku kadhaa akafundishwa na wakubwa wake. Kwamba alipewa zawadi na nyimbo. Kwamba jamii yote ilisimama ikamtazama ikasema, huyu sasa ni mtu mzima, tumheshimu. Basi wakaiacha heshima yote mahali pake wakakiondoa kisu. Familia 30 hivi zilikubali. Mabinti walikaa ndani, wakafundishwa habari za miili yao, za ndoa, za kusema hapana, za kuwaheshimu wazazi na kujiheshimu nafsi zao. Kisha siku ya mwisho wakatoka, watu wakaimba, wakacheza ngoma, wakala. Waliita jambo lile Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Mfano huo ulienea Meru na kwingineko, na makanisa yakauchukua, hata leo likizo ya Desemba hukuta wasichana wakikusanyika katika kumbi za kanisa kwa mafundisho ya namna hiyo.

Sipendi kuficha kwamba kazi hii haikuanzishwa na maaskofu. Ilianzishwa na chama cha wanawake. Kwangu mimi jambo hili laaibisha kidogo na lafurahisha sana, maana katika hadithi ya Msamaria nako kuhani alikuwa amekwisha kupita.

Wala sisemi kwamba nyimbo za Gatunga peke yake ndizo zilizomaliza kazi. Kazi haijaisha. Mwaka 1998 wanawake 38 katika kila 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 mpaka 49 walikuwa wamekatwa; mwaka 2022 walikuwa 15. Shule zimefanya sehemu yake, kwa maana msichana mwenye kitabu ana mahali pengine pa kutafutia utu uzima. Sheria nazo zimefanya sehemu yake, ile ya watoto ya 2001 na ile kali zaidi ya 2011. Mimi si adui wa sheria. Mtoto anayeburutwa usiku wa manane anahitaji askari, wala hahitaji insha. Nisemalo ni kwamba sheria ya 1956 na sheria ya 2011 zilikataza jambo moja, na ya pili ikasikiwa na watu wengi zaidi kwa sababu, kabla yake, watu fulani walikuwa wamekwenda kukaa chini penye mkeka wa akina mama. Upendo ulilima, sheria ikapanda. Huko nyuma walipanda juu ya mwamba, kisha wakailaumu mbegu.

Sasa nawaendea wale wapole niliowaahidi. Hawa hawakumlazimisha mtu kutia kidole. Ni wazee wa kanisa, ni walimu, ni majirani, ambao Desemba ikiingia husikia kwamba katika boma fulani kuna shughuli usiku, tena boma la mtu anayeketi nao kwaya moja. Hujifanya hawakusikia. Ukiwauliza, hujibu kwa sauti ya utakatifu: tusiwahukumu, tuwapende tu. Upendo gani huu? Kuhani na Mlawi katika ile hadithi nao hawakumhukumu majeruhi; hawakumtukana, hawakumpiga teke; walipita upande wa pili wa njia kwa adabu kubwa. Kuvuka njia kunagharimu. Atakayemwendea jirani yake usiku ule akamwambia, ndugu yangu, binti yako ni kama binti yangu, nami nimekuja kuketi mlangoni pako mpaka kupambazuke, huyo anaweza kupoteza urafiki, labda na kiti chake katika baraza la kanisa. Hakuna upendo wa Kikristo ambao haukumtoa mtu kitu. Usipokutoa kitu, tafuta jina lingine la kuuita: huenda ni uvivu, huenda ni woga, huenda ni hamu ya kualikwa harusini.

Mmisionari wa kirore alisema kweli bila kuketi na watu. Mpole wetu anaketi na watu bila kusema kweli. Kati ya hao wawili sijui ni yupi aliyemdhuru msichana zaidi, lakini najua kwamba wa kwanza amekwisha kulaumiwa vitabuni, na wa pili bado anasifiwa mazishini.

Nawe, msomaji, usidhani kwamba habari hii ni ya wazee na wazungu waliokufa. Imo katika bweni lako. Zamani, katika nchi ya Wakikuyu na Waembu, msichana asiyetahiriwa aliitwa kirigu, na neno hilo lilitosha kumfanya akimbilie kisu mwenyewe. Sheria ya 2011 ililijua jambo hili. Kifungu chake cha 25 kinatoa adhabu ya kifungo kisichopungua miezi 6, au faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili, kwa mtu anayemdhihaki mwanamke kwa sababu hakukatwa. Ni kifungu chema. Lakini kisome tena. Hakimtaji msichana aliyekatwa, anayedhihakiwa kwa sababu alikatwa. Labda watunga sheria hawakufikiri kwamba siku hiyo ingekuja. Imekuja, na katika shule nyingine imekuja kwa mlango wa kanisa.

Nitasimulia jambo nililoliona, nalo linanihukumu mimi kabla ya mtu mwingine. Nilifundisha zamani katika shule moja ya wasichana ya bweni. Jina lake naliacha. Nilikuwa mlezi wa umoja wa wanafunzi Wakristo, na Ijumaa moja nilimwalika msemaji aseme juu ya ukeketaji. Alisema kweli tupu, kwa sauti kubwa. Aliwaita wanawake waliokatwa watu waliopungukiwa, waliobaki nusu, waliotiwa alama ya giza. Wasichana wakapiga makofi. Mimi nilipiga pia. Katika safu ya nyuma msichana mmoja wa kidato cha pili, aliyetoka nchi kavu ya chini, aliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu, na hakuinuka mpaka mkutano ulipokwisha. Wenzake wakafahamu. Usiku ule katika bweni lao walimpa jina, nalo lilikuwa "Nusu". Walilolitamka lilikuwa neno la mhubiri. Waliamini kwamba wako upande wa nuru. Ilipofika juma la pili alikuwa amenijia mara 2 kuomba ruhusa ya kurudi kwao, na alama zake za hesabu, somo alilolipenda, zilikuwa zimeanguka.

Nilifanya afanyavyo mwalimu. Nilikusanya bweni zima, nikatoa amri kwamba atakayelitamka jina lile ataadhibiwa. Fimbo yenyewe ilikuwa imekatazwa shuleni tangu 2001, kwa hiyo nilitishia kufyeka nyasi. Jina halikutamkwa tena. Badala yake, kila alipoingia, bweni lilinyamaza, na ukimya ule ulikuwa jina lilelile.

Alikuwako katika bweni hilo msichana mwingine, ambaye hakuwa kiongozi wa kitu chochote. Hakuimba kwaya, sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. Bomba la maji lilikuwa mbali, chini ya mteremko, na kila asubuhi wasichana walishuka na ndoo zao gizani. Asubuhi moja alichukua ndoo ya yule mwenzake pamoja na yake, akashuka nazo zote mbili, akapanda nazo. Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Hakusema neno juu ya mkutano, wala juu ya jina, wala juu ya Mungu. Wenzake walimcheka yeye naye. Baada ya siku kadhaa waliteremka wawili pamoja, kila mtu na ndoo yake. Kisha yule wa sauti ya kukwaruza, ambaye aljebra ilimshinda kabisa, na ambaye sidhani kwamba alijifanya, akamwomba mwenzake amfundishe. Niliwaona jioni moja chini ya taa ya ukutani, daftari katikati yao, na mkufunzi alikuwa mkali.

Hakurudi kwao. Muhula wa tatu ulipokaribia kwisha alinijia ofisini, si kuomba ruhusa, bali kuomba karatasi na stempu. Alikuwa na mdogo wake wa darasa la nane, na Desemba ilikuwa inakuja. Alimwandikia mama yake barua ya kurasa 4. Sikuisoma, wala hakunionyesha. Nilisikia baadaye tu kwamba yule mdogo alikaa likizo yote kwa shangazi yake huko Runyenjes.

Januari shule ilipofunguliwa, mama yao alikuja mwenyewe kumwandikisha yule mdogo kidato cha kwanza. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, ametembea sehemu ya njia kwa miguu, na viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu mpaka kifundoni. Alinisalimu kwa heshima, akanipa barua ya kuingia shule na stakabadhi ya karo. Nikaanza kumweleza juu ya sare na sanduku la chuma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mwalimu, yule mtoto wa ndoo analala bweni gani?" Alikuwa amemletea mkungu wa ndizi.